Santuri ya Ng'ambo na Deni la Msikilizaji

Mpenzi wa muziki akaaye Musoma, akitaka kuagiza kwa njia ya halali albamu iliyotolewa Ulaya, hulipa mara nne. Hulipa bei ya albamu yenyewe, hulipa nauli ya posta, hulipa ushuru wa forodha, kisha hulipa kodi ya ongezeko la thamani. Wala forodha haikadirii ushuru wake juu ya bei ya dukani peke yake, bali huijumlisha pamoja na bima na nauli. Albamu ya dola 15 iliyosafirishwa kwa dola 20 huhesabiwa kuwa mali ya dola 35. Ikitozwa ushuru wa asilimia 25, ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki huutoza katika bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa, na kodi ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo, kitu cha dola 15 humfikia mwenyewe kwa zaidi ya dola 51. Kwa mvuvi wa dagaa wa Musoma au mkulima wa pamba wa Bunda, hiyo si bei ya starehe ya jioni moja. Ni sare na madaftari ya mtoto.

Hata hivyo, ughali peke yake si dhuluma. Kitu cha mbali kina nauli yake, na watu wa pwani wanalijua hilo tangu enzi za majahazi. Taarabu yenyewe iliigharimu Unguja safari: Sultani Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim hadi Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi, na sauti zao zikarejea Unguja zikiwa bidhaa kutoka India. Waliozinunua hawakulalamika kwamba wameuziwa chao. Walifurahi kwamba chao kimesikika.

Swali gumu huzuka pale ambapo kilichotengenezwa nyumbani hakipatikani tena nyumbani. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905. Kilipotimiza miaka 100, albamu ya kuiadhimisha karne hiyo ilitolewa na kampuni ya Buda Musique ya Paris, ikiwa ya kwanza katika mfululizo uitwao Zanzibara. Albamu ya tatu ya mfululizo huo, yenye muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960, ilipewa jina la Ujamaa. Neno lililopewa maana ya siasa na mwana wa Butiama likawekwa juu ya jalada la Ulaya na kuuzwa kwa fedha za Ulaya. Na kijana wa Butiama anayetaka kulisikia lilivyoimbwa zama za babu yake huambiwa aliagize ng'ambo.

Nani wa kulaumiwa? Ni rahisi kumtupia lawama mfanyabiashara wa mbali, lakini haki haitaki urahisi. Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zilirekodiwa katika tepu za Radio Tanzania ili zirushwe hewani, na bendi zilizotaka santuri zilifuata Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe. Kisha Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Mkoa wa Mara, ambao umepakana na Kenya pale Sirari, ukajikuta umetengwa na soko lililokuwa jirani kuliko Dar es Salaam. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeiokota mali hiyo, akaisafisha na kuiandikia historia, amefanya kazi, na kazi ina ujira. Dhuluma huanza pale tu ujira wake unapoufuta ujira wa aliyeimba.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili kwa upande mwingine. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipotangaza kuunda wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wasomi walifunzwa kucheza ngoma za Wazungu hali hawazijui gombe sugu, mangala wala lelemama. Lakini huyo huyo aliukaribisha ugeni kwa kuufasiri: alimtafsiri Shakespeare, na mwaka 1969 akawapa Waswahili Mabepari wa Venisi. Kwake kuchukua cha ng'ambo hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kusahau cha nyumbani.

Na tamthilia hiyo ina hukumu inayoligusa jambo hili. Mdai aruhusiwa kukata nyama aliyoandikiwa, mradi asimwage hata tone la damu. Anayenakili wimbo bila kulipa, zamani kwa kanda na siku hizi kwa simu, hujitetea kwa hoja inayofanana: amechukua sauti tu, na mwenyewe bado anayo. Lakini sauti haikatwi bila damu. Ndani yake mna miaka ya mazoezi, usiku wa kukesha na umaskini wa mpigaji.

Maskini ana utetezi wa kweli: kile asichoweza kamwe kukinunua, kukinakili kwake hakumpunguzii mwimbaji kitu. Utetezi huo unamwondolea aibu ya wizi, haumwondolei deni. Mwenye uwezo hana hata utetezi huo, na mwenye duka anayenakili ili auze hana lolote la kusema.

Deni hilo laweza kulipwa karibu. Katika Mkoa wa Mara wangali wapo wapigaji wa litungu, kinubi cha Wakurya, wanaoitwa harusini na kutolewa kwa soda na shukrani. Anayewalipa ujira unaostahili, akaandika majina yao na nyimbo zao, na akahifadhi alichorekodi kwa ridhaa yao, analipa sehemu ya deni ambalo forodha haiwezi kulikadiria. Asipofanya hivyo leo, wajukuu wake watazinunua nyimbo hizo kutoka ng'ambo, na siku hiyo hawatakuwa na haki ya kulalamikia bei.