Kikoba Kisivunjwe Chote

Desemba ikifika, vikoba vinavunjwa nchi nzima. Wenye funguo wanafungua makufuli ya sanduku mbele ya wote, hisa zinahesabiwa kwa sauti, kila mwanachama anaondoka na chake. Mmoja analipa ada ya mtoto, mwingine anaongeza tofali, mwingine ananunua kiwanja cha tatu ambacho hajui atakijenga lini. Ni fedha ya jasho na kila mtu ana haki nayo. Ila nawasihi wanavikoba wa Mwanza, Iringa, Mbeya, Kigoma na Mtwara: mwaka huu bakizeni kidogo mezani, mkanunue hisa katika kampuni changa ya vijana wa mji wenu.

Nasema wa mji wenu kwa makusudi. Wawekezaji wakubwa wa teknolojia wanashukia Nairobi, na wakivuka kuja Tanzania wengi wanaishia Dar es Salaam. Kijana wa Kigoma hawezi kukaa akiwasubiri. Wala hana sababu ya kuuza godoro lake awafuate mjini, wakati tatizo analolitatua liko kwao na wateja wake wako kwao. Mara nyingi anachokosa ni milioni mbili tatu za kumvusha miezi sita ya mwanzo.

Twendeni kwenye fukwe za Ukerewe, wanakoanikwa dagaa. Asubuhi kina mama wamewamwaga mchangani, jua linawaka. Saa nane wingu linatanda upande wa ziwa, na kabla turubai halijafika mvua imeshashuka. Dagaa walioloa wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na wakifika Mwaloni Kirumba wanaenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Sasa mfikirie kijana fundi wa kuchomelea aliyetengeneza kaushio la jua: fremu ya mabomba, nailoni ngumu juu, vichanja vya wavu ndani, feni ndogo ya sola ya kutoa unyevu. Analo moja na linafanya kazi. Ili ajue kama hii ni biashara au ni ufundi tu, anahitaji manne, ayakodishe kwa kina mama msimu mzima, na kila jioni aandike kilo zilizoingia mbichi na zilizotoka kavu. Hiyo ndiyo kazi ya mtaji wa awali. Unanunua jibu la swali ambalo hakuna aliyewahi kulilipia.

Benki itamwuliza hati ya nyumba. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na anayestahili aende akaombe bila aibu. Lakini mkopo ni mkopo. Rejesho linagonga mlango hata kama msimu wa dagaa umechelewa. Mwenye hisa anasubiri. Kampuni ikipata anapata, ikikosa anakosa, kwa hiyo atapiga simu kuuliza hali, atamtafutia kijana mteja, atamkemea akianza kuchezea fedha.

Na msiambiwe kwamba akili ziko miji mikubwa tu. Askwar Hilonga alitoka kijiji cha Gongali, Karatu, akasomea nanoteknolojia Korea Kusini hadi shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha. Huko akabuni chujio la maji linalounganisha mchanga na nanoteknolojia, katika mkoa ambao floraidi kwenye maji imeharibu meno ya vizazi. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Nilifurahi sana. Natamani pauni zinazofuata ziwe shilingi, na zitoke Karatu.

Hata fedha inayoanzisha makubwa si lazima iwe kubwa. Tony Elumelu, tajiri wa Nigeria, alianza mwaka 2015 kutoa dola 5,000 kwa kila mjasiriamali anayechaguliwa, kutoka nchi yoyote ya Afrika. Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika kampuni changa, ilipoanza mwaka 2005 ilimpa kila mwanzilishi takribani dola 6,000 tu, za kuishi na kufanya kazi kiangazi kimoja, na katika kundi hilo la kwanza ndimo ulimotoka mtandao wa Reddit. Hata vikoba vyenyewe vina asili yake katika mfumo wa kuweka na kukopa ulioanza mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini Niger. Hapakuwa na jiji la teknolojia pale.

Hesabu yake mnaiweza. Watu 25, kila mmoja 20,000 kwa mwezi juu ya hisa zake za kawaida, ni 500,000 kwa mwezi na milioni 6 kwa mwaka. Zigaweni kwa kampuni tatu, milioni mbili mbili, maana zote mkiziweka kwa mmoja na akaanguka mtaapa msirudie. Nasema wazi kwamba kampuni changa nyingi hufa, kwa hiyo iwe fedha ambayo ikipotea hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kampuni iwe imesajiliwa BRELA, mkataba uandikwe, mwanasheria awaeleze hisa zitakaa kwa jina la nani. Fedha itoke kwa awamu. Na msimkamue kijana: mkidai nusu ya kampuni kwa milioni mbili, mwekezaji atakayefuata hatakuta cha kununua, na kijana atakuwa kibarua kwenye wazo lake mwenyewe.

Nawe kijana, usije na maneno ya kubadilisha dunia. Njoo na daftari: umeuza kwa nani, bei gani, nani alirudi kununua tena, nani alikataa na kwa nini. Omba kiasi unachojua kitafanya kazi gani, hadi bei ya mabomba na nailoni. Mwalimu mstaafu aliyekaa kwenye kikoba hicho hajui programu, lakini daftari analisoma vizuri kuliko mtu yeyote.

Kikao cha mwezi ujao, kabla ya mengineyo, katibu aandike ajenda moja: vijana watatu wa mji wetu waje waeleze biashara zao, dakika 15 kila mmoja, na daftari mkononi.