Msamaha na Ukweli: Kipi Kitangulie?



Jumapili moja baada ya ibada, mzee wetu mmoja alimkuta kijana wa kwaya amekaa chini ya mwembe akisoma kitabu cha mauaji. Kijana akaamkia, mzee akaitikia, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, huoni vibaya kuburudika kwa damu ya watu?" Kijana akajibu kwa adabu, "Siburudiki kwa damu, babu. Nataka kujua ni nani aliyeificha." Jibu hilo halijanitoka moyoni.

Hadithi za upelelezi si ngeni kwetu. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma, huko njia yetu ya misafara ilikoishia, alimleta Joram Kiango. Lakini kitabu cha kijana kilitoka mbali. Kilikuwa kimoja cha vile vya Linda Castillo wa Marekani, alivyoanza kuvitoa mwaka 2009. Mpelelezi wake ni mwanamke, Kate Burkholder, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa kubuniwa katika jimbo la Ohio, aliyelelewa na Waamishi kisha akawaacha.

Waamishi ni Wakristo ambao jina lao latokana na Jakob Ammann, aliyejitenga na wenzake huko Ulaya mwaka 1693. Husafiri kwa magari ya farasi, hawaendi vitani, na makosa ya wao kwa wao hupenda kuyamaliza wenyewe. Atubuye mbele ya kanisa husamehewa. Akataaye hutengwa, hata chakula hali meza moja na wenzake.

Hapo Mnyamwezi atasema, "Mbona hayo nayajua?" Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji wa pande za Kahama na Nzega walianzisha Sungusungu. Yowe likipigwa, wanaume walishika pinde na mishale. Mkosaji alitozwa faini, na mkaidi alitengwa na kijiji, asipewe moto wala maji. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wengi walipata tena usingizi wao. Lakini wapo waliopigwa bila hatia, na vikongwe walioshukiwa uchawi waliteswa, huku majirani wakinyamaza.

Basi swali ni hili: jamii ya watu wapendanao ikiumaliza uovu ndani kwa ndani, je, imesamehe au imeficha?

Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mmoja asiye Mwamishi aliingia katika shule yao ya Nickel Mines, Pennsylvania, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa, naye akajiua. Siku ile ile Waamishi waliwaendea jamaa za muuaji kuwafariji, na baadaye wakahudhuria maziko yake. Huo ni msamaha wa kweli. Tendo lilijulikana na wote, na waliosamehe ndio waliofiwa.

Lakini wapo pia wanawake waliotoka kwa Waamishi wakasimulia kwamba walinajisiwa wakiwa watoto. Mkosaji alitubu kanisani, akatengwa majuma machache, kisha mtoto akaambiwa asamehe wala asiseme tena. Hata kitabu cha kwanza cha Castillo kimesimama juu ya siri ya namna hiyo: Kate alipokuwa msichana alimpiga risasi mtu aliyemshambulia, na jamaa zake wakalifukia jambo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Naona tofauti iko hapa. Msamaha ni mali ya aliyekosewa. Mwenye ng'ombe aweza kumsamehe mwizi, lakini jirani hawezi kuutoa msamaha huo kwa niaba yake, kama vile hawezi kulipa deni kwa fedha isiyo yake. Wazee wakimwambia mtoto asamehe kabla hajasikilizwa, wamemwibia mara ya pili.

Sisemi tuyadharau mabaraza ya wazee. Mpaka wa shamba, deni, matusi, hayo tuyamalize nyumbani. Lakini damu ya mtu na mwili wa mtoto si mambo ya kufunikwa kwa faini ya mbuzi.

Sisi wa Tabora twaujua uzito wa kunyamaza. Wageni twawaonyesha tembe la Kwihara alimokaa Livingstone. Lakini katika njia ile walipita wapagazi wa ujira, na walipita pia watu waliofungwa minyororo. Nani alimuuza nani, ni nadra kusikia likisemwa mezani. Hatugombani, ni kweli. Je, tumepatana?

Nilimweleza mzee wetu mawazo haya. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na kama mkosaji ni mwanangu wa kumzaa?" Sikuwa na jibu jepesi. Akajijibu mwenyewe: "Ningemshika mkono nikampeleka kituoni. Halafu siku za kuwaona wafungwa ningekuwa wa kwanza mlangoni, na chakula chake mkononi."

Kisha akamwomba kijana amwazime kile kitabu.