Kanyaga Mara Mbili

Pedali ya breki ya lori la zamani ikianza kubonyea kama sponji, dereva mara nyingi hakimbilii kwa fundi. Anajifunza. Akikanyaga mara ya kwanza pedali inazama karibu na sakafu. Mara ya pili inakuta ugumu, gari linashika. Baada ya wiki mbili mguu umeshazoea, unakanyaga mara mbili wenyewe. Ukimsifu jamaa kuwa ni dereva hodari, hujakosea. Ila najiuliza: uhodari wa namna hii ni wema, au ni kuficha?

Tuelewane kwanza kinachotokea kule chini. Mafuta ya breki hayabanwi. Nguvu ya mguu inasafiri ndani yake mpaka kwenye magurudumu. Upepo unabanwa. Ukiingia kwenye bomba, mguu unaminya upepo kwanza, breki baadaye. Halafu mafuta yenyewe yanafyonza unyevu wa hewani, na unyevu sisi watu wa Tanga hatununui. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi 205. Yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke nao unabanwa.

Lori la mchanga linalozungukia viwanja vya Raskazone halitakuonyesha haya. Raskazone hakuna mlima wa kulisuta. Lakini lipakie mboga Lushoto, literemke kupitia Soni hadi Mombo, kilomita 33 za kona na karibu mita 1,000 za kushuka, breki zikiwa za moto. Hapo kukanyaga mara mbili huenda kusitoshe. Hata mara nne.

Dereva ana utetezi wake, na siudharau. Gari si lake. Tajiri anataka hesabu jioni, na siku ya gereji ni siku isiyo na hesabu. Haya. Siku akiugua, ufunguo anapewa deiwaka. “Breki zipo?” “Zipo.” Na kweli zipo! Ila namna ya kuzitumia imebaki kwenye mguu wa mtu aliyelala nyumbani na homa.

Katika sheria za Kiislamu za biashara, ambazo wazee wa pwani wanazijua vizuri, muuzaji anatakiwa ataje kasoro ya bidhaa. Mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kuirudisha. Neno la Kiarabu la kasoro hiyo ndilo lililotuzalia “aibu”. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapa hapa jirani, mwaka 1909, alikwenda mbali zaidi: katika Kusadikika waziri mwenye majivuno anaitwa Majivuno, unamjua kabla hajafungua mdomo. Malori yetu yanaandikwa Subira na Mungu Mkubwa. Sijaona lililoandikwa Kanyaga Mara Mbili.

Basi tuseme deiwaka kaambiwa. Yamekwisha? Mimi naona bado. Mnunuzi akiambiwa kasoro anaweza kusema sitaki. Deiwaka naye, kwa shida, anaweza kukataa safari. Mtoto anayevuka barabara ya Raskazone Jumapili, taulo begani, anakwenda kuogelea, hajaulizwa kitu. Amevuka akiamini lile lori lina breki kama magari mengine. Kasoro ambayo itamwangukia mtu asiyeweza kuikataa haiponi kwa kutajwa. Inapona kwa spana.

Na kazi yenyewe wala si ya ajabu, kama masta silinda na mipira yake bado ni mizima na hakuna panapovuja. Unaongeza mafuta mapya, unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Utingo anakaa kwenye usukani, fundi yuko chini ya gari na spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa. “Kanyaga! Shikilia!” Fundi anafungua, mapovu yanatoka, anafunga. “Achia.” Utingo akiinua mguu kabla ya kuambiwa, upepo unarudi ndani, na fundi kule chini haoni mguu, anategemea sauti tu. Inarudiwa mpaka mapovu yakome, gurudumu kwa gurudumu, na muda wote kikopo cha mafuta kisiachwe kikauke.

Breki zikishapona, mguu wa dereva hauna habari. Siku mbili tatu bado unakanyaga kwa nguvu zilezile za zamani, lori linasimama kwa kishindo, na utingo anagonga paji la uso kwenye kioo, anatukana.