Mtandao Umefika Chini ya Ardhi



Leo tuongee kuhusu simu ndani ya treni za chini ya ardhi za London, mji ninaoishi kwa sasa. Treni hizi zilianza mwaka 1863. Zamani ukishuka ngazi tu simu inapoteza mtandao, maana mawimbi hayapenyi udongo mwingi namna ile. Mwaka 2012 Wi-Fi ikaanza kuwekwa stesheni. Machi 2020 mtandao wa 4G ukaingizwa hadi kwenye mahandaki ya njia ya Jubilee, kati ya Westminster na Canning Town. (Mwezi huohuo watu wakaamriwa kukaa nyumbani kwa sababu ya korona. Mtandao umefika, abiria hakuna!) Tangu hapo unazidi kusambazwa.

Mimi sina ugomvi na mtandao. Treni ikikwama handakini, mama anaweza kumjulisha mwanawe kwamba atachelewa, na hilo ni jema. Shida ni sisi wenyewe. Mtu anaongea kwa spika, behewa zima linajua majibu ya vipimo vya dada yake. Je, huyo dada aliulizwa? Tukisoma Mathayo 7:12 tunamfikiria jirani tunayempigia kelele, tunamsahau yule tunayemtangaza. Na usijidanganye kwamba kwa Kiswahili hakuna anayeelewa. Waswahili tumejaa London, jamani!

Kule Tokyo, matangazo ya treni huwaomba abiria waweke simu kimya na wasiongee nazo. Mwenye jambo anasubiri ashuke. Mbona hafi mtu?

Lakini kuna jingine linalonigusa zaidi. Dada mmoja muuguzi, Mtanzania mwenzetu, alizoea kusali Rozari akirudi kutoka zamu ya usiku kwa njia hiyohiyo ya Jubilee. Kati ya Westminster na Canning Town kuna stesheni saba, na matendo matano yanaenea bila haraka. Nyumbani wakilalamika hapatikani, anawaambia, "Nilikuwa chini, hakuna mtandao," na ilikuwa kweli. Siku hizi tendo la pili halijaisha, kundi la familia limeshaanza: ada, harusi, mgonjwa. Asipojibu, ana maringo. Akijibu, Rozari imeishia hapo.

"Zamani Mungu alinitunzia ule muda," aliniambia. "Sasa inabidi niuombe kwa watu."

Mwaka uleule wa 2012, Papa Benedikto wa 16 alitoa ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani kuhusu ukimya na neno. Alifundisha kwamba katika mawasiliano viwili hivyo vinahitajiana. Nabii Eliya naye, pale Horebu (1 Wafalme 19), alipitiwa na upepo, tetemeko na moto kabla ya kukutana na Bwana katika utulivu. Fikiria kama angekuwa anajibu meseji!

Yule dada aliamua kusema wazi. Jumapili baada ya Misa alimpigia mama yake: "Mama, asubuhi nikiwa kwenye treni nasali. Hata ukiniona niko hewani, sitapokea mpaka nishuke."

Mama akanyamaza kidogo. "Haya mwanangu. Basi na huu mguu wangu uuweke humo."

Tendo la tatu sasa ni la mguu wa mama.