Kioo cha Bei Nafuu

Kila mtu, tajiri kwa maskini, ni mnunuzi. Mkulima hununua jembe, mwanafunzi hununua kalamu, na mama hununua chumvi. Kabla ya kutoa fedha yake mnunuzi mwenye busara hujiuliza maswali mawili. La kwanza ni kama kitu ni kizima, na la pili ni kama bei yake yalingana na mfuko wake. Maswali haya ni mema, na asiyeyauliza hupata hasara. Lakini liko swali la tatu, ambalo watu wengi hulijua na kulikwepa: kitu hiki kimetoka wapi? Nataka, msomaji, tulitazame swali hilo kwa makini, na ili lisielee hewani tutalifunga katika kitu kimoja kidogo, kioo cha ubavuni cha gari la familia.

Tuseme katika mji wa Nairobi iko familia yenye gari la viti saba, mojawapo ya magari mengi yaliyotumika ambayo huletwa Kenya kutoka Japani kwa njia ya bandari ya Mombasa. Gari hilo huwapeleka watoto shuleni, mama sokoni na bibi hospitalini. Jioni moja wanalirudia mahali walipoliegesha, wanakuta kioo cha mlango kimevunjwa na mkoba uliokuwa juu ya kiti umetoweka. Viti vimejaa chembe za kioo, na upepo unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Mwizi amepata mkoba wa thamani ndogo, akaacha nyuma yake hasara kubwa kuliko faida yake. Ndivyo ulivyo uovu mara nyingi: humpa mtenda kidogo na kumnyang'anya mtendwa kingi.

Kioo cha namna hiyo hakitiwi kiraka. Kioo cha mbele cha gari hufanywa kwa tabaka mbili zilizogandishwa pamoja juu ya utando wa plastiki, kwa hiyo kikipigwa na jiwe hupata ufa lakini hubaki mahali pake, na ufa mdogo waweza kuzibwa. Vioo vya ubavuni vya magari mengi ni vya namna nyingine. Hivyo hutiwa katika tanuri lenye joto la digrii zaidi ya 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo wenye nguvu. Uso wake hukaza, na kioo huwa imara kuliko kioo cha kawaida. Lakini kikivunjika mahali pamoja huvunjika chote kwa mara moja, kikawa punje ndogo butu. Waliokibuni walikusudia hivyo ili abiria wasikatwe na vipande virefu vyenye makali. Baada ya hapo hapana njia ila kutia kioo kingine. Fundi hufungua ubao wa ndani wa mlango, hufagia punje zilizoanguka humo, kisha hutia kioo katika mpira wake na kukifunga katika mtambo unaokipandisha na kukishusha. Ni kazi ya muda mfupi kwa mkono uliozoea. Taabu haipo katika kukitia kioo. Ipo katika kukipata.

Hapo ndipo baba anapofika katika njia panda. Wako wauza vipuri wenye vioo vipya, na wako wenye vioo vilivyotolewa katika magari makuukuu yaliyokatwakatwa. Wote hukaa katika maduka yanayojulikana na kutoa stakabadhi. Biashara yao ni halali na riziki yao ni njema. Tuseme mmoja wao anataka shilingi 9,000. Baba akiwa bado anapiga hesabu, kijana asiye na duka anamjia na kumnong'oneza kwamba yeye anaweza kumpatia kioo cha gari kama hilo kwa shilingi 3,000. Hanacho sasa, ila atakileta kesho asubuhi. Hataki kuandika stakabadhi, wala hasemi kioo kitatoka wapi.

Simama hapo, msomaji, uutazame usiku ulio kati ya leo na kesho. Kioo kinachouzwa hakiko dukani wala ghalani. Yamkini saa hii kingali katika mlango wa gari la mtu mwingine, na mtu huyo anakula chakula chake cha jioni bila ya kujua kwamba mali yake imekwisha kupatiwa mnunuzi. Baba akitikisa kichwa kukubali, gari lile litaguswa usiku. Akikataa, huenda likapona. Kwa hiyo neno lake moja, lililosemwa mchana mbele ya watu, lina nguvu ya kutenda jambo gizani mahali asipokuwapo. Je, mtu wa namna hii hana sehemu katika wizi?

Wako watakaosema hana. Tuwape nafasi waseme, maana haki haiogopi kusikiliza.

Husema kwanza: "Mimi sikuiba, nilinunua kwa fedha yangu." Ni kweli kwamba mkono wake haukugusa gari la mtu. Lakini tujiulize, mwizi wa kioo anataka nini? Hakitaki kioo kwa kukipamba nyumbani kwake, wala hana gari la kukitia. Anataka fedha, na fedha haimo katika kioo, imo katika mfuko wa mnunuzi. Ondoa mnunuzi, na kioo kilichoibwa kitakuwa mzigo wa bure unaoweza kumpeleka mwizi gerezani. Mwizi na mnunuzi wake ni kama mkono na mdomo: mmoja huchukua na mwingine hula, na tumbo ni moja.

Husema pili: "Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Hoja hii hupendwa sana kwa sababu ni nyepesi kubeba. Lakini mpe mwizi nafasi naye atasema vivyo hivyo: nisipoiba mimi, ataiba mwingine. Hoja inayomfaa mwizi sawasawa kama inavyomfaa mnunuzi haiwezi kumtoa mnunuzi katika lawama. Kila mtu ana ufunguo wa mlango mmoja, nao ni mlango wake. Hakuulizwa milango ya wengine imefungwa au imefunguliwa.

Husema tatu, na neno hili ni zito kuliko yote: "Mimi nimeibiwa, na mimi ni maskini. Nani alinihurumia?" Hatuna budi kulijibu kwa upole. Tofauti ya shilingi 6,000 si mchezo kwa mzazi anayelipa karo, na hasira ya mtu aliyeibiwa ni hasira ya haki. Umaskini hupunguza uzito wa lawama, na hakimu mwenye huruma huutia katika mizani. Hata hivyo umaskini haubadili mwenye kioo. Huenda mwenye kioo ni tajiri. Huenda pia ni dereva wa teksi ambaye gari ndilo shamba lake, na siku ambayo gari halikutoka watoto wake hulala na njaa. Baba hajui ni yupi, kwa kuwa hakuuliza. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aliyelia asubuhi kwa kuvunjiwa kioo ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kukataa asubuhi ya namna hiyo impate jirani.

Tena si kweli kwamba hana njia nyingine. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa vizuri yaweza kuzuia mvua wakati gari likiwa limeegeshwa nyumbani, na familia ikapanda matatu mwezi mmoja au miwili hadi fedha itimie. Watu watacheka wakiliona gari lenye plastiki, na watoto wataona haya. Plastiki huingiza vumbi, lakini haiingizi mali ya mtu. Baina ya aibu inayoonekana na majirani na aibu inayoonekana na moyo peke yake, ya kwanza ni nyepesi kuvumilia, maana huisha siku kioo kinapotiwa.

Husema mwisho: "Mimi sikujua." Hapa tupambanue, kwa kuwa kutojua ni kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu aliyeuliza akadanganywa. Huyo amedhulumiwa, na lawama ni ya mdanganyifu. Na kuna kutojua kwa mtu aliyefumba macho kwa kuwa alihofu kitu ambacho angekiona. Huyu wa pili hawezi kujitetea kwa giza alilolitia mwenyewe. Asiyeuliza kwa kuogopa jibu amekwisha kulikisia jibu. Alipolipa shilingi 3,000 hakununua kioo tu; alinunua na ukimya wa muuzaji, na akalipa kwa ukimya wake mwenyewe.

Sheria ya Kenya imeuona upambanuzi huo. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu chamtia hatiani mtu apokeaye kwa udanganyifu mali ya wizi hali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba mali hiyo ni ya wizi, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Yatazame maneno yale, "sababu ya kuamini." Bei iliyoshuka kupita kiasi ni sababu. Muuzaji asiye na mahali ni sababu. Madereva wengi wa Kenya huchora namba ya usajili ya gari katika vioo vyake. Basi pembe ya kioo iliyokwaruzwa mahali namba ilipokuwa ni sababu inayosema kwa sauti. Sheria haikumtaka mnunuzi awe mpelelezi. Imemtaka asijifanye kipofu.

Mwaka 1850 Mfaransa mmoja, Frédéric Bastiat, aliandika habari ya kioo cha dirisha kilichovunjwa na mtoto. Watu waliosimama kutazama walimfariji baba kwa kusema kwamba vioo visipovunjika mafundi wa vioo watakula nini. Bastiat aliwajibu kwamba wanamwona fundi akipokea faranga 6, lakini hawamwoni mshona viatu ambaye angezipata faranga hizo kama kioo kisingevunjika. Funzo lake lilikuwa kwamba katika kila jambo kuna kinachoonekana na kisichoonekana, na mwenye akili huvihesabu vyote viwili. Yeye alisema hayo juu ya uchumi, nasi twaweza kuyatumia katika maadili. Katika kioo cha bei nafuu, shilingi 6,000 zilizosalia zaonekana na kuhesabika. Mtu wa gari la pili haonekani. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee. Nao ndio udhaifu wa hukumu zetu, kwamba aliyepo hushinda daima kwa kuwa mshindani wake hakuitwa barazani.

Lakini jihadhari, msomaji, usije ukatoka katika kosa moja ukaangukia jingine. Kitu kilichotumika si kitu kilichoibwa. Vipuri vingi vikuukuu vina asili safi, na mtu mnyonge anayeviuza huenda ni mwaminifu kuliko mwenye duka la fahari. Ukimtazama kila mchuuzi kama mwizi utakuwa umemwibia heshima yake, na heshima ni mali isiyouzwa dukani. Dawa ya ujinga si tuhuma, ni swali. Kuuliza si ujinga, wala si matusi. Uliza kwa adabu: kioo hiki kimetoka katika gari gani? Utaniandikia stakabadhi yenye jina lako? Nikipata shida nacho nitakukuta wapi? Mwaminifu hujibu bila ya kubadili uso, na swali lako humpa nafasi ya kujitenga na wasio waaminifu. Asiye mwaminifu hukasirika au huondoka, na hivyo amekujibu pia.

Pengine utasema, "Mimi ni mwanafunzi, sina gari, mambo haya ni ya wazee." Sivyo. Bwenini huletwa sweta nzuri kwa bei ya mkate, na mahali pa jina pamekatwa kwa wembe. Huletwa kamusi ambayo ukurasa wake wa kwanza umechanwa. Huletwa simu isiyo na chaja, kwa mtu asemaye ilipe upesi kabla ya kengele. Yote hayo ni kioo kile kile. Katika bweni jingine yuko mwenzako atakayetetemeka kwa baridi alfajiri, au atakayeogopa kumwambia mama yake kwamba kamusi aliyoinunua kwa kuuza kuku imepotea. Humwoni, na kwa sababu humwoni ni rahisi kumsahau.

Tabia ya mtu haiundwi siku anapopewa ofisi kubwa. Huundwa katika vitu vidogo vya bei nafuu, mahali ambapo kuuliza ni gharama na kunyamaza ni faida. Aliyezoea kutouliza sweta imetoka wapi hataona ugumu, atakapokuwa mkubwa, kutouliza kioo kimetoka wapi. Na akipewa kutunza mali ya umma hatauliza fedha imetoka wapi wala imekwenda wapi. Basi jizoeze swali la tatu tangu sasa. Litakugharimu mara nyingine shilingi chache, mara nyingine kicheko cha wenzako, na mara nyingine mwezi mzima wa vumbi nyuma ya plastiki. Lakini hapana mtu atakayeamka asubuhi akakuta mlango wake umefunguliwa usiku kwa ajili yako.