Haki ya Mgeni Asiyebisha Hodi

Ndugu msomaji, kila mwaka, tangu mwezi wa Agosti mpaka mvua za vuli, mwambao wetu hupokea wageni wasio na mizigo wala vyeti vya safari. Wageni hao ni ndege. Yuko kitwitwi mmoja mdogo, uzito wake gramu 60 hivi, ambaye huanguliwa Siberia, kaskazini kabisa ya dunia, akaja kutafuta riziki katika matope ya Salenda, hapa hapa Dar es Salaam. Mwingine ni mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyo hutoka Oman na pande za Ghuba, ambako hutaga yai moja tu ndani ya shimo alilolichimba mchangani, kisha huja pwani zetu kula kaa. Njia yake ni ile ile ya majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Wako watu watokao Ulaya na darubini zao kuja kuwatazama, hasa wale walio adimu. Mtu wa Kariakoo akisikia hucheka: "Mtu mzima alipe nauli ya ndege, aje kutazama ndege!"

Basi twaulize: kutazama huko ni upuuzi?

Hakika si upuuzi. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Mulk, yatuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu. Lakini kutazama peke yake hakutoshi. Mwenye darubini aweza kumpenda adimu tu, akamwandika daftarini, kisha akaenda zake. Haki ya mgeni haipimwi kwa uadimu wake. Aliyekuja mara mia ana haki sawa na aliyekuja leo.

Amma sisi, tusiomtazama kabisa, tuna jukumu kubwa zaidi, maana sisi ndio wenyeji. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Jangwani, kando ya Kariakoo, na kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Salenda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa, maganda na maji machafu bado hutupwa mitaroni. Matope anayodonoa kitwitwi hupokea kile tulichokitupa sisi. Kwa hiyo mwenye duka ambaye hajapata kumwona ndege huyo ndiye anayemwandalia chakula, kizuri au kibaya.

Atasema mtu: "Binadamu kwanza. Mchuuzi mwenye watoto wanaolala na njaa hana nafasi ya ndege." Hoja hii ina uzito, na mtoto mwenye njaa lazima atangulie. Lakini hapa haki mbili hizi hazigombani. Mtaro ulioziba taka humdhuru ndege, na mvua ikinyesha humdhuru binadamu vile vile. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu makumi mjini humu, na wakazi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba tunamtunza ndege kwa sababu tu twafaidika nasi. Tuseme hana faida yoyote kwetu: je, haki yake ingeondoka? La. Wazee wetu hawakumuuliza mgeni amekuja na nini kabla ya kumkaribisha. Na huyu hawezi kulipa, wala kushitaki, wala kutusengenya huko aendako. Kwa hiyo kwake ndiko unakopimika ukarimu wetu, kwani hakuna anayetusifu.

Wala hatudaiwi makubwa. Anayefagia mbele ya duka lake jioni apeleke taka jalalani, asizisukume mtaroni. Anayemwona kijana akimwinda ndege kwa manati amkataze kwa upole. Na siku ya mapumziko, maji yakitoka, tuwachukue watoto wetu Salenda, tuwaonyeshe wageni hao, tuwaeleze walikotoka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema. Amin.