Mshenga Naye Achunguzwe



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya biashara ambayo wengi wetu hatuijui, kwa sababu sisi tumekwisha kuoa na kuolewa. Ni biashara ya kuwatafutia watu wachumba kwa malipo. Sisi hatuijui, lakini watoto wetu wanaijua, wadogo zetu wanaijua, na baadhi yao wamelia kwa ajili yake wala hawakutuambia.

Ukishuka matatu pale Adams Arcade, kwenye maduka yale yaliyojengwa miaka ya 1950, ukatembea kwa miguu kando ya Barabara ya Ngong, hukosi kuona nguzo ya stima yenye karatasi za kubandikwa. Mganga anatangaza kwamba anarudisha mpenzi aliyepotea. Mwingine anaahidi kukuunganisha na mama tajiri aliye mpweke, mradi utume kwanza pesa za usajili kwa simu. Hizo ni hila za wazi, na mtu mwenye akili zake huzitazama akapita. Ninayotaka kuisema leo haibandikwi nguzoni. Ni ofisi safi, yenye zulia na chai ya maziwa. Anayekupokea ni mama wa heshima, anakusikiliza kuliko ndugu zako wanavyokusikiliza, kisha anakuwekea mezani mkataba wa kurasa nne na kalamu.

Kuna mume na mke ninaowafahamu, ambao wameniruhusu niyaseme haya bila kutaja majina. Binti yao ana miaka 34, ana kazi nzuri ya uhasibu, na hakosi Misa. Kila Krismasi, chakula kikiwa mezani, shangazi zake humwuliza swali lile lile: “Lini?” Mwaka jana alitia sahihi mkataba wa aina hiyo, akalipa shilingi 90,000 kwa mkupuo mmoja. Miezi 6, “utambulisho” 5. Mwanamume wa kwanza alikuwa na mke na watoto Kitengela. Wa pili alishangaa kupigiwa simu. Alikuwa amejaza fomu ya bure miaka mingi nyuma na kumbe jina lake bado linauzwa. Wa tatu alimwomba mkopo kabla soda haijaisha kwenye chupa. Alipokwenda kulalamika, alifunguliwa mkataba wake mwenyewe na kuonyeshwa kifungu: kupewa jina na namba ya simu ya mtu ndiko kutambulishwa, na ada ikilipwa hairudishwi.

Wazazi walijua baadaye, kwa bahati mbaya, kupitia binamu. Baba alisema maneno ambayo baba hapaswi kumwambia bintiye. Mama alilia, si kwa sababu ya pesa, bali kwa sababu alifichwa. Kisha wakageukiana wao kwa wao: huyu akisema “ni wewe uliyemdekeza,” yule akijibu “ni wewe uliyewafukuza wote waliokuja hodi.” Kwa wiki mbili hawakula meza moja. Ndipo nilipoitwa, maana katekista huitwa moto ukiwa umeshika paa.

Sasa, ndugu zangu, kabla ya kutoa lawama, hebu tutulie. Kutaka mume si dhambi, wala kutaka mke. Wala kulipa mtu akusaidie kutafuta si dhambi kwa yenyewe. Pwani mshenga ni mtu wa heshima, na hurudi nyumbani na asante yake. Kwetu bara pia, wazee waliotumwa kwenda kuulizia msichana hawakurudi mikono mitupu. Tatizo liko mahali pengine. Wahenga walisema mchumba hachunguzwi, kwa maana ukimchunguza mno hutaoa kamwe. Sawa, na iwe hivyo. Lakini hakuna mzee aliyesema kwamba mshenga hachunguzwi.

Tufungue Kitabu cha Tobiti, ambacho wengi tulisomewa siku ya harusi yetu na hatujakisoma tena. Mzee Tobiti anataka mtu wa kuandamana na mwanawe Tobia safarini. Anapoletewa kijana anayejiita Azaria, hamkumbatii papo hapo. Anamwuliza: wewe ni wa ukoo gani, wa kabila gani, baba yako ni nani? Akiisha kuridhika, wanapatana mshahara: drakma moja kwa siku pamoja na matumizi ya njiani, na nyongeza wakirudi salama. (Msiniulize kuhusu jina lile la Azaria ambalo malaika Rafaeli alijipa. Hayo ni mambo ya malaika.) Tazameni basi: huo ni mkataba, una kiasi kinachojulikana, na malipo makubwa yanakuja mwisho, baada ya kazi.

Njiani Rafaeli anamtajia Tobia habari za Sara, binti wa Ragueli. Tobia anasema wazi kwamba anaogopa, kwa kuwa amesikia msichana huyo aliozwa kwa wanaume saba na wote wakafa usiku wa harusi. Mshenga hakukasirika kwa kuulizwa. Hakusema, “Wewe niamini tu.” Alimjibu hofu yake na kumweleza la kufanya. Na walipofika kwa Ragueli, baba yule, ambaye angeweza kunyamaza ili apate mkwe wa nane, alimweleza kijana ukweli wote wa wale saba kabla ya kuridhia. Baadaye ndipo alipomwita mkewe alete cha kuandikia, na hati ya ndoa ikaandikwa. Ukweli ulitangulia, karatasi ikafuata. Katika ofisi zetu hizi karatasi inatangulia, pesa zinafuata, na ukweli huja ukiwa umechelewa, umevaa pete ya mtu mwingine.

Msidhani haya ni ya Nairobi peke yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza, mjini London, iliamua kesi ya mama mmoja dhidi ya kampuni ya kutafutia matajiri wachumba, inayoitwa Seventy Thirty. Mama huyo alikuwa amelipa pauni 12,600. Aliambiwa kwamba kampuni ina wanaume wengi matajiri wanaomfaa, kumbe wanaume waliokuwa hai katika orodha yao walikuwa kama 100 tu. Jaji aliona kwamba alidanganywa, akaamuru alipwe pesa zake pamoja na pauni 500 kwa ajili ya masikitiko. Lakini kesi hiyo ina upande wa pili. Mama huyo alikuwa ameandika maneno ya hasira hadharani kuhusu kampuni hiyo, na mahakama ikamwamuru naye ailipe pauni 5,000 kwa kuichafulia jina. Basi mwenye binti aliyedhulumiwa amzuie kwanza asiandike lolote kwenye simu usiku akiwa analia. Haki yake ipo, lakini ina mlango wake.

Mlango wenyewe ni huu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo, na fidia akipata hasara kwa kuuziwa huduma mbovu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inasema aliyeingizwa katika mkataba kwa maneno ya uongo anaweza kuuvunja. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kwa lengo la kuyamaliza ndani ya siku 60, na mtu aweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Picha zake na habari zake pia asizisahau: chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 aweza kudai zifutwe ikiwa ofisi haina tena sababu ya kuziweka.

Lakini nawaambia kweli, ofisi za namna hii haziogopi sana sheria, kwa sababu zina askari mmoja hodari anayezilinda, naye ni aibu. Mtu akiuziwa friji mbovu huirudisha dukani akipiga kelele mpaka mtaa wote ujue. Akiuziwa mchumba wa uongo hunyamaza. Atasemaje mbele ya watu kwamba alilipa ili apendwe? Basi sisi wazazi, wajomba na shangazi, tunapomcheka au kumfokea aliyedanganywa, tunakuwa askari wasaidizi wa ofisi ile. Yule baba niliyemtaja hakulipenda neno hili nilipomwambia. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza kama chai ipo.

Kwa anayetaka bado kutia sahihi, na nyumbani mnajua, msimkataze kwa ukali, maana atakwenda kwa siri. Soma naye huo mkataba, baba kwa miwani yako. Mwulize mwenye ofisi “utambulisho” ni kitu gani hasa: ni namba ya simu, au ni watu wawili kukaa na kuzungumza? Nani amethibitisha kwamba huyo mtu hana mke, na alithibitisha kwa njia gani? Ni watu wangapi leo, si tangu ofisi ifunguliwe, wenye umri na imani anayoitaka? Maneno mazuri yanayosemwa mdomoni yaandikwe katika karatasi. Yakikataliwa kuandikwa, mmekwisha kupata jibu. Asilipe zote kwa mkupuo. Na asitie sahihi siku hiyo hiyo, hata akiambiwa bei inapanda kesho. Jimbo la New York, Marekani, lina sheria maalum ya biashara hii inayompa mteja siku 3 za kazi za kubadili nia na kuiwekea ada kikomo cha dola 1,000. Wenzetu hawakuiweka bure. Waliona watu wakiuziwa tumaini saa ya udhaifu. Siku hizo 3 mpeni mtoto wenu ninyi wenyewe, kwa kumwambia, “Uje nayo nyumbani, tutaisoma Jumapili.”

Kanisa halichukulii udanganyifu huu kama jambo dogo. Sheria za Kanisa za 1983, katika kanuni ya 1098, zinasema kwamba mtu aliyedanganywa kwa hila ili akubali ndoa, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga vibaya maisha ya pamoja, ndoa yake haikuwa halali. Ndiyo maana tunasoma matangazo kanisani. Watu huona matangazo hayo kama desturi ya kupoteza muda kabla ya Padre kutoa baraka ya mwisho. La hasha! Ni parokia nzima inaombwa ushahidi, bila ada: anayejua kizuizi aseme sasa. Hakuna ofisi yenye orodha kama hiyo, kwa maana orodha ya parokia ina mama anayemjua kijana tangu Komunyo ya Kwanza, na mwenye duka anayejua kama analipa madeni.

Tena shahidi wa kweli ni yule atakayekuwapo baadaye. Ofisi inamaliza kazi yake siku ya kutoa namba. Miaka 3 baadaye, wanandoa wakikosana usiku kwa sababu ya karo, nani atapigiwa simu? Si yule mama wa zulia na chai. Aliyewaleta pamoja akiwa jirani, msimamizi wa ndoa au shangazi, hawezi kukimbia alichokisema. Atakutana nao kwenye mazishi, kwenye harambee, kwenye jumuiya. Kwa hiyo huchunga ulimi wake mapema.

Hapa ndipo nafika kwenu, wanandoa. Vijana wetu hawakukimbilia ofisi hizi kwa kupenda kupoteza pesa. Walikimbilia huko kwa sababu kazi ya ushenga tuliiacha. Tunawauliza “lini?” lakini hatuwaulizi “ungependa tukukutanishe na nani?” Tunawaalika nyumbani mwetu wakiwa wawili tayari, akiwa mmoja tunamwona kama kiti kilichopungua mwenzake. Mke anamjua mwalimu mpole shuleni kwake, mume anamjua fundi mwaminifu wa Jamhuri, na hao wawili wana miaka zaidi ya 30, wanaishi umbali wa kutembea kutoka Adams Arcade, wanasali parokia moja katika Misa tofauti, na hakuna aliyewahi kuwaalika chakula cha mchana siku moja.

Binti wa wale wazazi aliandika barua ya kudai pesa zake. Baba aliisoma mara mbili, akasahihisha tarehe tu. Ofisi imeahidi kurudisha sehemu. Wao wanataka zote, na fomu za Milimani wamekwisha kuzichukua. Wazazi wanakula meza moja tena, ingawa mama bado humkumbusha baba yale maneno kila anapokosea chumvi.

Basi juma hili, watoto wakilala, zimeni televisheni mkae wawili. Kila mmoja amtaje mtu mmoja asiye na mwenzi ambaye anamjua vizuri kiasi cha kuweza kumtolea ushahidi, mazuri yake na magumu yake. Mkisha kuwataja, ulizaneni: ni nani kati yetu atawaalika, na ni Jumapili ipi?